Chati Moja Haikusogea

Siku ile nilibonyeza Rombo kwenye dashibodi yetu, ukurasa wa chati za kahawa ya mkoa wa Kilimanjaro. Chati ya kwanza, ya kahawa iliyopokelewa maghalani, ikashuka mara moja, kama inavyotakiwa ukitoka kwenye mkoa mzima ukaingia wilaya moja. Ya pili, ya malipo ya wakulima, nayo ikashuka. Ya tatu, ya miche ya kahawa iliyogawiwa, ikabaki vilevile. Sikuiona. Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano hapa Moshi, mapazia yamefungwa kuzuia jua la saa nane mchana, projekta inaangaza ukutani. Juu ya ukurasa paliandikwa "Wilaya: Rombo", na sote tukaamini kwamba kila kilichokuwa chini ya maandishi hayo kilikuwa cha Rombo.

Mkubwa mmoja akauliza, "Miche yote hii, na kahawa ndiyo hii?" Halafu akasema wenzetu wa Rombo hawana mwamko. Hakuna aliyebisha. Mimi niliyeitengeneza ile dashibodi ndiye niliyepaswa kubisha, nikanyamaza, kwa kuwa nami nilikuwa naiamini. Kabla ya kikao kufungwa ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba mgao wa miche wa msimu unaofuata uanzie kwingine.

Wiki mbili baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikagundua kwamba chati ya tatu siku ile ilionyesha miche ya mkoa mzima: Rombo, Hai, Siha, Moshi, Mwanga na Same, yote kwa pamoja. Nikaandika barua ya kusahihisha siku hiyohiyo, na muhtasari ukarekebishwa. Lakini maneno yale juu ya watu wa Rombo yalishasemwa, na yalisemwa yakiegemea kazi ya mikono yangu. Mama yangu mzazi ni mtu wa Mashati, hukohuko Rombo. Nilipokwenda kumsalimia Jumapili iliyofuata nilimkuta anapalilia kahawa yake, nikashindwa kumweleza kilichokuwa kinanisumbua.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu tunaotengeneza dashibodi, kwenye halmashauri, kwenye miradi, kwenye vyama vya ushirika, mahali popote ambapo data kutoka nyumba mbalimbali inalazwa kwenye ukurasa mmoja. Ugumu wenyewe uko kwenye kile kichujio cha juu, kile kisanduku kidogo cha kuchagua wilaya au mwaka. Chati tunazijua kuzichora.

Wazo la kuunganisha chati ni la zamani kuliko kompyuta tunazotumia. Mwaka 1987 Richard Becker na William Cleveland, watakwimu wa Bell Labs kule Marekani, walichapisha makala kwenye jarida la Technometrics wakionyesha jinsi mtu anavyoweza kupitisha brashi juu ya doti za grafu moja, na doti za vitu vilevile zikawaka kwenye grafu nyingine zote zilizo pembeni. Jicho linaona uhusiano ambao jedwali lingeuficha. Ila grafu zao zote zilichorwa kutoka seti moja ya data. Doti ya grafu hii na doti ya grafu ile zilikuwa mstari mmoja wa jedwali, kwa hiyo hapakuwa na swali la nani ni ndugu ya nani.

Sisi hatuna bahati hiyo. Kahawa iliyopokelewa inatoka kwenye stakabadhi za maghala ya vyama vya msingi. Miche inatoka kwenye orodha za vitalu. Malipo yanatoka benki. Mvua inatoka kituo cha hali ya hewa, na idadi ya watu inatoka sensa. Kila moja ina mwenyewe, ina mwandishi wake na ina namna yake ya kuiita Rombo.

Programu za kutengeneza dashibodi nazo hazifanani. Kwenye Metabase unaiambia kila chati, kwa mkono, kwamba kichujio hiki kikushike kwenye safu ile. Ukiisahau moja, haitalalamika, itaendelea kuonyesha jumla. Kwenye Looker Studio kichujio kwa kawaida kinatawala chati za chanzo chake cha data, na chati ya chanzo kingine iliyo pembeni yake haiguswi mpaka ufanye kazi ya ziada. Tableau ilipata uwezo wa kichujio kimoja kushika vyanzo kadhaa kwenye toleo la 10, mwaka 2016. Power BI inategemea uhusiano uliouweka kati ya majedwali. Pasipo uhusiano, jumla ileile hujirudia kwenye kila mstari. Hiyo ni dalili ninayomwambia kila kijana anayeanza kazi hii aitafute kabla ya kitu kingine: ukiona Hai, Siha na Rombo zote zina namba moja, usishangae kulingana kwao, nenda kaangalie uhusiano.

Sizilaumu programu hizi kwa kutojua. Hazina njia ya kujua kwamba "Rombo" ya faili hili ndiyo "Rombo DC" ya faili lile. Ninachokikataa ni ukimya wake. Chati isiyoguswa na kichujio inakaa pale na sura ileile ya chati iliyoguswa, na sisi watengenezaji tunairuhusu ikae hivyo.

Baada ya aibu ile nilikimbilia dawa ambayo wengi huikimbilia. Nikasema, tatizo ni majedwali mengi, basi nitayakunja yote yawe jedwali moja kubwa, na kichujio kimoja kitatosha. Nikaunganisha jedwali la kahawa na jedwali la miche moja kwa moja, kwa jina la mkulima. Chati zote zikaanza kusogea pamoja, nikafurahi sana. Kisha nikalinganisha jumla ya kilo na kitabu cha ghala, nikakuta dashibodi yangu ina kahawa nyingi kuliko iliyowahi kupimwa kwenye mizani.

Tuseme mkulima mmoja ameleta kahawa mara 3 na amechukua miche mara 2. Ukiyaunganisha majedwali hayo mawili moja kwa moja, kila mzigo wa kahawa unakutanishwa na kila mgao wa miche, unapata mistari 6. Kilo zake zinahesabiwa mara mbili, miche yake mara tatu. Mkulima aliyechukua miche mara moja tu hazidishiwi kilo, na ambaye hakuchukua kabisa anaweza hata kupotea. Kwa hiyo kosa halienei sawasawa, haliwezi kusahihishwa kwa kugawa kwa namba fulani mwishoni, na linampendelea aliyefika kitaluni mara nyingi. Nalichukia kosa hili kuliko lile la kwanza. Chati isiyosogea mtu makini anaweza kuishtukia, lakini chati inayosogea vizuri huku ikidanganya haimshtui yeyote.

Dawa yenyewe wataalamu wa maghala ya data, Ralph Kimball akiwa mmoja wa waliovuma zaidi, wameieleza tangu miaka ya 1990. Usiyaunganishe moja kwa moja majedwali ya matukio, kama mizigo ya kahawa na migao ya miche. Tengeneza orodha fupi zinazosimama peke yake, ya mahali, ya tarehe, ya wanachama, kila kitu kikiandikwa humo mara moja tu. Kahawa ijiunge na orodha, miche ijiunge na orodha hiyohiyo, malipo vilevile, na kichujio kiwekwe kwenye orodha, kisiwekwe kwenye jedwali lolote la matukio. Mimi naziita orodha mama.

Aliyekulia mlimani huku ataelewa haraka nikisema mfongo. Maji yanachukuliwa juu kwenye kijito, yanashushwa na mfereji mmoja, yanagawanywa kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia, vilivyo chini. Vihamba viwili havichotei kimoja kwenye kingine. Vyote vinakunywa kutoka juu. Kichujio kinatakiwa kitiririke namna hiyo, kutoka orodha mama kushuka kwenye majedwali. Power BI inakupa ruhusa ya kukifanya kitiririke pande zote mbili, na nimeona watu wakiichagua ruhusa hiyo kwa kila uhusiano ili tu chati zisogee. Matokeo yake ni kichujio kinachopanda kutoka jedwali moja, kinapita kwenye orodha, na kwenda kuchuja jedwali jingine ambalo hukukusudia kuligusa. Iacheni, isipokuwa mnajua hasa kwa nini mnaihitaji.

Kuitengeneza orodha mama ya mahali ndiko kulikonifunza kwamba kazi hii si ya kompyuta. Chukua neno "Moshi". Kuna Halmashauri ya Manispaa ya Moshi na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ile ambayo wengi bado tunaiita Moshi Vijijini, yenye Kibosho, Uru, Marangu na Kilema. Faili moja liliandika "Moshi" tu, likimaanisha wilaya, kwa sababu aliyeliandika alikuwa bwana shamba na kwake kahawa haiko mjini. Jingine liliandika "Moshi" likimaanisha zote mbili. Hakuna programu itakayokwambia hilo; lazima umpigie simu mwandishi. Lyamungo wengine wanaiandika Lyamungu. Useri wengine wanaiandika Usseri.

Kisha kuna Siha. Kwenye sensa ya 2002 Siha ilikuwa ndani ya Hai. Kwenye sensa ya 2012 inasimama wilaya peke yake. Ukiweka chati ya idadi ya watu ya Hai kwa miaka hiyo bila maelezo, utaona watu wanapungua ghafla, na atatokea mtu wa kutafuta sababu, kuhama au maradhi, kumbe ni mpaka uliohamishwa na kalamu. Orodha mama yangu sasa ina safu mbili za tarehe kwa kila mahali: palianza lini kuitwa hivi, pakaacha lini.

Na kuna msimbo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huipa mikoa namba, na Kilimanjaro ni 03. Lifungue faili hilo kwenye Excel bila uangalifu, sifuri inapotea, inabaki 3. Upande mmoja 03 ni maandishi, upande wa pili 3 ni namba. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja, kwa kichujio hawajuani kabisa. Hii ndiyo iliyokuwa imeigandisha ile chati ya miche. Sifuri moja.

Mahali palinichukua miezi. Muda nilidhani ungenichukua siku moja.

Kichujio chetu cha zamani kilikuwa na "Mwaka", na mtu akichagua 2023 chati zote zilisogea kwenda 2023. Kila kitu kilikuwa kimeunganishwa sawasawa na maana yake haikuwepo. Mavuno ya kahawa huku Kilimanjaro yanashika kuanzia Julai hivi hadi Desemba, na mauzo yake yanavuka mwaka, ndiyo maana tunasema msimu wa 2023/24. Tunda la arabika linachukua kama miezi minane au tisa kutoka ua hadi kuiva. Kwa hiyo kahawa iliyochumwa Agosti 2023 ilitoa maua mwishoni mwa 2022, baada ya mvua za vuli. Ukiweka mvua ya Januari hadi Desemba 2023 karibu na mavuno ya 2023 unaiacha nje mvua ya vuli ya 2022 iliyoyaleta maua, na unaingiza mvua iliyonyesha wakati tunda limeshachumwa. Na miche ndiyo kabisa: mche uliopandwa masika ya 2021 huwezi kuudai kahawa mwaka huohuo, utakaa kama miaka mitatu kabla hujauhesabia mavuno ya maana. Ule mshangao wa kwenye kikao, miche yote hii na kahawa ndiyo hii, ungekuwa na kosa hata kama chati ya miche ingekuwa imesogea.

Sasa nina orodha mama ya tarehe. Kila siku moja ina mstari wake, na kwenye mstari huo pameandikwa mwaka wa kalenda, mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai 1, na msimu wa kahawa. Kwa upande wa mvua nimeongeza safu nyingine, msimu unaolelewa na mvua hiyo, ili mtu akichagua 2023/24 aletewe mvua iliyoyalea maua ya kahawa hiyo. Safu hiyo sikuitunga mezani. Nilikwenda kuwauliza mabwana shamba, tukabishana, tukakubaliana miezi.

Vipimo nitavipitia haraka. Ghalani tunapima kahawa ya maganda, sokoni inauzwa kahawa safi iliyokobolewa, na kilo 100 za maganda hutoa takriban kilo 80 za safi. Chati mbili zilizounganishwa kikamilifu, moja ya maganda na nyingine ya safi, zitakuonyesha wizi ambao haupo. Andika kipimo kwenye kichwa cha chati, kila mara.

Iliyobaki ilikuwa orodha ya wanachama. Faili nililorithi kutoka kwa watangulizi wangu lilikuwa na majina tu, na majina ya huku yanajirudia. Ukoo mmoja unaweza kujaza kurasa mbili. Nilijaribu kulinganisha majina kwa programu, herufi kwa herufi, nikaishia kumuunganisha mtu na binamu yake. Nikaona afadhali nifunge kompyuta. Nikapanda Hiace ya Kibosho asubuhi, nikamalizia na bodaboda mpaka kwenye ghala la chama kimoja cha msingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa kompyuta?"

Katibu ni mzee aliyevaa koti la suti na gambuti, kwa kuwa usiku ilikuwa imenyesha. Nilimweleza shida yangu. Hakusema neno, akafungua kabati la mbao, akatoa leja. Kushoto kabisa kwa kila mstari palikuwa na namba. Namba ya mwanachama. Ilikuwepo kwenye stakabadhi za kahawa, ilikuwepo kwenye daftari la pembejeo, ilikuwepo kwenye orodha ya malipo ya awali na ya pili. Ushirika wa kahawa huku ni wa siku nyingi: chama cha wakulima cha KNPA kilianza 1925, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikafuata 1933, na utamaduni wa leja na namba ni mzee kuliko taaluma yangu nzima. Ufunguo niliokuwa nautafuta kwa programu ulikuwa umeandikwa kwa wino wa bluu kabatini, na mtu fulani, alipokuwa akiingiza data kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, aliiona safu hiyo haina kazi akaiacha.

Tulikaa siku nne tukiinakili. Mbele ya kila namba nikatanguliza msimbo wa chama, kwa sababu kila chama kina namba 1 yake. Siku ya tatu niliuliza kuhusu mtu mmoja ambaye kwa tarehe ya kuzaliwa alikuwa amevuka miaka mia, na bado mwaka uliopita alileta kahawa mara tano.

"Huyo ni marehemu," katibu akasema. "Anayeleta ni kijana wake."

"Kijana hana namba yake?"

"Ya nini? Kihamba si kilekile?"

Niliweka kalamu chini. Tulikuwa na chati inayoitwa "Wakulima kwa umri", iliyokuwa ikionyeshwa kila kikao, na kila kikao watu walisikitika kwamba kahawa imebaki kwa wazee. Labda imebaki kwa wazee kweli. Lakini chati yetu ilikuwa ikiwahesabu waliokwisha kuzikwa na kuwaacha watoto wao wanaoamka alfajiri kuchuma. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya baba, kilo zilikuwa za mtoto, na vikaunganishwa na namba iliyokuwa sahihi kabisa. Ufunguo haukuwa na kosa. Sisi ndio hatukuuliza unafungua nini.

Nilirudi Moshi nikaigawa orodha ile mara mbili, orodha ya vihamba na orodha ya watu, na kati yake jedwali dogo linalosema nani anashika kihamba kipi kuanzia lini. Chati za kahawa na miche zinachujwa kwa kihamba. Chati za umri na jinsia zinachujwa kwa mtu aliyeshika kihamba wakati huo. Ni kazi zaidi, na kuna vyama ambavyo bado hatujavimaliza.

Na zipo chati nilizoamua zisisogee. Mvua yetu ni ya kituo kimoja, kilicho uwanja wa ndege wa Moshi, chini huku kwenye mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari. Kahawa nyingi iko juu zaidi, kati ya mita 1,000 na 1,800, ambako inanyesha kwa kiasi tofauti kabisa. Mtu akichagua chama cha Kibosho au cha Marangu, sina haki ya kumwonyesha mvua kana kwamba ni ya pale. Kwa hiyo chati ya mvua inabaki ilipo, inafifia rangi, na juu yake yanatokea maandishi: "Chati hii haichujwi kwa chama. Ni mvua ya Moshi mjini." Mwenzangu mmoja aliniambia inaharibu sura ya ukurasa. Nimemwambia kwamba hiyo ndiyo chati ninayoipenda kuliko zote.

Mwezi uliopita nilimpelekea katibu dashibodi kwenye tableti, tukaketi kwenye benchi nje ya ghala. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Alibonyeza chama chake kwa kidole cha shahada, akakishikilia kidogo kama anayepiga muhuri. Kahawa ikasogea, miche ikasogea, malipo yakasogea. Mvua ikafifia, akasoma maandishi yake kwa sauti mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akarudi juu, kwenye kisanduku kikubwa cha kwanza, chenye neno "Wakulima" na namba pembeni yake.

"Hii namba naijua," akasema. "Lakini hawa si wakulima, binti. Hivi ni vihamba. Kwenye kihamba kimoja anaweza kuwepo baba, mama na kijana, wote wanalima."

Nikaichukua tableti, nikafuta neno "Wakulima", nikaandika "Vihamba", nikamrudishia asome tena.

"Sawa," akasema. "Sasa nionyeshe Rombo."